Hati ya Bima na Upepo wa Masika

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024 redio za hapa Dar es Salaam zilikuwa na habari moja tu: kimbunga Hidaya kinaikaribia pwani yetu. Wavuvi walikwisha kuonywa wasitoke, na jirani yangu alikuwa juu ya paa akiongeza misumari kwenye mabati. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, navuta sanduku la bati ambamo hati ya bima ya nyumba yetu imelala tangu mwaka 1999. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba kwa miaka 25 sikuwahi kuisoma. Kila mwaka nililipa, nikapewa stakabadhi, nikaiweka juu ya nyingine.

Siku ile niliisoma yote. Ilianza na moto, ikaendelea na moto, ikataja radi, kisha wizi wa kuvunja nyumba. Upepo ulikuwa katika karatasi ya nyongeza iliyobanwa nyuma kwa pini. Mafuriko hayakutajwa popote, ila katika orodha ya mambo yasiyolipwa. Nikajiuliza: mtu anayekaa bondeni, hatua chache kutoka mto unaofurika kila masika, kwa nini karatasi yake iogope moto kiasi hiki?

Jibu liko London. Mwezi Septemba 1666 mji ule uliungua kwa siku nne na nyumba zipatazo 13,000 zikateketea. Miaka ya 1680 ilipoanza, bwana mmoja aitwaye Nicholas Barbon, tabibu aliyegeuka mjenzi wa nyumba, alifungua ofisi ya kukatia majengo bima ya moto. Makampuni yaliyofuata yalibandika vibao vyao vya madini kwenye kuta za nyumba walizozikatia bima, na yakaajiri vikosi vyao wenyewe vya kuzima moto. Hati zetu za leo ni vitukuu vya hati zile. Upepo na maji viliingizwa baadaye sana, kama wageni, na mgeni aghalabu hulipiwa mbali. Kwa hiyo karatasi iliyokuwa mikononi mwangu ilikuwa na kumbukumbu ya janga la watu wengine.

Na sisi tunayo majanga yetu. Mwezi Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, Sayyid Barghash akiwa na miaka miwili tu katika kiti chake. Merikebu zilizama bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'olewa. Mkarafuu si mhogo. Ukiupanda leo utangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuchuma. Wenye mashamba wengi walikuwa na madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na shamba lenyewe ndilo lililokuwa rehani. Mti ulianguka, deni likabaki limesimama. Pemba iliponea chupuchupu, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Nafikiri bima pekee iliyokuwapo siku zile ilikuwa ni kuwa na shamba katika visiwa vyote viwili.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe tulikuwa tumekaribiana nalo. Bima limetujia kupitia Bara Hindi, na asili yake ni Kiajemi, ambako bim maana yake ni hofu.

Miaka 80 baadaye, Aprili tena, mwaka 1952, kimbunga kiliupiga mji wa Lindi. Marehemu baba alikuwa huko, kijana. Alitusimulia habari za mabati yaliyoruka kama majani ya mgomba, nasi watoto tulicheka, tukidhani anatia chumvi.

Hata wenye bima hawakupona wote. Kimbunga Katrina kilipoifikia Marekani, Agosti 2005, katika pwani ya Mississippi yapo maeneo ambayo nyumba zilibaki misingi na ngazi tu. Hapo ukazuka ubishi: ni upepo ulioibomoa, au ni maji ya bahari? Hati ya kawaida ya nyumba ililipa upepo ikakataa mafuriko. Bima ya mafuriko kule ni hati ya pembeni, iliyoanzishwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1968, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata. Watu walikwenda mahakamani kuthibitisha kitu ambacho hakuna aliyekuwapo kukiona.

Nilikuwa nikiyawaza hayo nilipofika kwenye ofisi ya bima saa tano asubuhi. Kijana wa mapokezi alinipa shikamoo, akaisoma hati yangu, akanyamaza kidogo. "Mzee, nyumba hii bado ni ya shilingi milioni 18?" Ndiyo thamani niliyoiandika mwaka 1999. Kuijenga upya leo hakupungui milioni 90. Akanieleza kwa upole kanuni wanayoiita ya wastani: kwa kuwa nimekatia bima sehemu moja tu ya tano ya nyumba, nitalipwa sehemu moja ya tano ya hasara yoyote. Paa likiharibika kwa milioni 10, wao watatoa mbili. Kwa miaka 25 nilidhani nina nyumba ndani ya bima. Kumbe nilikuwa na chumba kimoja na ukumbi.

Niliomba turekebishe papo hapo na kuongeza mafuriko. Alitikisa kichwa. Tahadhari ikishatangazwa, hawapokei nyongeza ya aina hiyo mpaka hali itulie. Sikuweza kumlaumu.

Jumamosi Hidaya ilifika Mafia, kisha ikapungua nguvu upesi. Barabara ya Kusini ilikatika kwa maji. Kwetu upepo uliondoa mabati matatu, na mto ulipanda hadi kizingiti cha jiko ukasimama hapo usiku kucha, mimi na mke wangu tukiutazama kwa tochi. Mwezi Juni nilirudi ofisini. Ada mpya ni kubwa kuliko ya zamani mara nne na zaidi, nami mstaafu nailipa kwa mafungu. Mke wangu ameitoa hati kwenye sanduku la bati, sasa iko juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni.