Ebola ya 2014 na watalii walioikimbia Serengeti

Hebu chukua ramani na rula. Kutoka Monrovia, mji mkuu wa Liberia, hadi Madrid ni takriban kilomita 3,900. Kutoka Monrovia hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 5,000, na Arusha iko maeneo hayohayo.

Sasa turudi mwaka 2014. Agosti 8 Shirika la Afya Duniani lilitangaza Ebola kuwa dharura ya kimataifa. Iliyoelemewa ilikuwa Afrika Magharibi: Guinea, Liberia na Sierra Leone. Tanzania na Kenya hazikupata mgonjwa hata mmoja katika mlipuko ule. Lakini mwezi haukuisha kabla Korean Air haijasimamisha safari zake za Nairobi, na watu waliokuwa wamepanga kwenda kuona nyumbu Serengeti wakaanza kughairi. Oktoba muuguzi mmoja aliambukizwa Madrid kwenyewe. Hispania ikamaliza mwaka na watalii wapatao milioni 65, rekodi kwa wakati ule.

Kwa nini? Si ujinga tu, jamani. Mwaka 1973 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza kwamba binadamu hukadiria uwezekano wa jambo kutokea kwa wepesi wa mfano wake kumjia kichwani. Ukiona kila jioni kwenye runinga watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga wakibeba maiti, na chini pameandikwa "Afrika", picha inabaki na neno hilo. Kilomita hazibaki. Hispania ina picha nyingine nyingi za kushindana na ile moja: mpira, ufukwe, harusi ya binamu. Mtu ambaye hajawahi kufika Afrika ana ngapi?

Mwaka 1987 Paul Slovic akaongeza kitu: hatari mpya, isiyoonekana, inayoua kwa namna ya kutisha huogopwa kuliko ile tuliyoizoea, hata kama iliyozoeleka inaua zaidi. Malaria ipo Afrika Mashariki kweli na huua mamia ya maelfu duniani kila mwaka, lakini mtalii humeza kidonge chake na kupanda ndege bila wasiwasi.

Kwa Kenya hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu shambulio la Westgate la Septemba 2013 na la Mpeketoni la Juni 2014 yalikuwa yameshawatisha wageni, kwa hiyo mtu asiibebeshe Ebola lawama zote. Na sisi wenyewe? Kenya Airways nayo ilisitisha safari za Monrovia na Freetown Agosti hiyohiyo, ingawa Shirika la Afya Duniani halikuwa limeshauri kufunga safari.

Mpagazi wa Kilimanjaro hulipwa kwa kila safari anayopanda. Mgeni akighairi kule kwao, huyu hapati siku zake za kazi, wala hakuna anayemuuliza Liberia iko wapi.