Shú Néng Shēng Qiǎo: Mkono Ulioiva

Anayeanza kujifunza Kichina hukutana mapema na shēngcí, orodha ya msamiati mpya wa kila somo. Ukizitazama herufi zenyewe, zinasema "maneno mabichi". Shēng ni bichi: nyama mbichi, tunda bichi, hata mtu usiyemjua. Kinyume chake ni shú. Wali ulioiva ni shú, tunda lililoiva ni shú, na mtu mliyezoeana naye ni shú vilevile.

Neno hilo ndilo linaloongoza msemo 熟能生巧, yaani shú néng shēng qiǎo, mmoja wa misemo ya kale iitwayo chéngyǔ, ambayo mingi huwa na herufi nne. Tukiufungua: shú, kuiva, néng, kuweza, shēng, kuzaa, qiǎo, wepesi wa mikono wenye akili ndani yake. Msomaji makini atauliza: shēng si ile "bichi" ya hapo juu? Ndiyo hiyo hiyo. Herufi moja hubeba ubichi, uzazi na uhai, na hapa kazi yake ni kuzaa.

Wachina wakiulizwa maana ya msemo huu, mara nyingi husimulia kisa cha mzee muuza mafuta, kilichoandikwa na Ouyang Xiu (1007–1072), mwandishi na mwanasiasa wa enzi ya Song. Watoto wa shule wanakisoma mpaka leo. Chen Yaozi, mpiga mishale hodari aliyejiona hana mpinzani, alikuwa akifanya shabaha bustanini kwake. Mzee akatua mzigo wake, akatazama mishale minane au tisa kati ya kumi ikigonga shabaha, kisha akatikisa kichwa kidogo tu kukubali. Chen akaudhika. Mzee hakubishana. Aliweka kibuyu chini, akafunika mdomo wa kibuyu hicho kwa sarafu yenye tundu, akachota mafuta kwa upawa na kuyamimina taratibu. Yote yakapita tunduni, sarafu isilowe. Akaeleza kwamba naye hana siri yoyote, ila mkono wake umeshakuwa shú.

Chen akacheka, akamwacha aende zake.

Tafsiri inayokuja upesi mdomoni ni "mazoezi huleta ukamilifu". Inaeleweka, lakini imepitia Kiingereza kabla ya kutufikia, na njiani imeokota mzigo usio wake. Mzee wa mafuta hakudai ukamilifu. Qiǎo ni ujanja wa mkono, ule ambao mtangazaji wa mpira wa Kiswahili huuita "ufundi" mchezaji anapowapiga chenga mabeki watatu. Kisha kuna néng: msemo unasema kuiva kunaweza kuzaa ufundi, hautoi hati ya dhamana. "Mazoea" nayo hayafai, maana kwetu hujenga tabia, na methali inatuonya kuwa yana taabu. Iliyo jirani zaidi ni "mwana wa mhunzi asiposana huvukuta", ila hiyo inahusu kukulia karibu na kazi, si kuirudia mpaka ikubali.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno tayari. Ndizi huiva, ugali huiva, na askari waliomaliza kozi husemwa "wameiva". Mgeni wa kazi naye huambiwa "bado mbichi". Lugha mbili zisizo na undugu zimepita jikoni na shambani kutafuta jina la ujuzi, zikatoka na jina lile lile. Ndiyo maana makala hii inapendekeza "mkono ulioiva huzaa ufundi". Neno "mkono" halimo katika herufi nne. Limeazimwa kwa mzee wa mafuta, na bila hilo sentensi ya Kiswahili ingeelea.

Katika matumizi, msemo husimama peke yake kama sentensi kamili. Mwalimu humwambia hivyo mwanafunzi anayehangaika na mwandiko. Mpishi aliyesifiwa kwa kukata mboga nyembamba kama uzi huutumia kujishusha, akimaanisha hana kipaji, amerudia tu. Haufai kusifia kipaji cha kuzaliwa nacho, kwa kuwa humo hakuna kilichoivishwa.

Mfasiri wa hotuba anaweza kuongeza "huweza" akitaka kuilinda ile néng. Penye mazungumzo ya kawaida, "mkono wake umeiva" inatosha.