Mdogo Wangu na Ng'ombe wa Oruchinga

Wageni wakifika Oruchinga wanauliza kwanza hesabu: Wakongo wangapi, Warundi wangapi. Lakini bonde hili ni la zamani kuliko sisi wote. Waliofungua njia ni Wanyarwanda waliokimbia fujo za 1959. Jirani zetu wa Nakivale historia yao ni hiyohiyo. Uganda ilipata uhuru 1962, kwa hiyo Nakivale ilikuwa na wakimbizi kabla nchi haijawa na bendera yake!

Haya sikuyasoma shuleni. Yaliniingia kwa sababu ya mdogo wangu, msichana ambaye nyumbani tulimwita Shefu kwa vile alipenda kuamuru watu.

Tulivuka Bunagana 2012, vita vya M23 vilipowaka Rutshuru. Mimi nilikuwa na miaka 11, yeye 6. Tulipofika hapa Mama alitukataza jambo moja: tusimuulize mtu ametoka wapi. Anayeishi kambini anaelewa. Vita vya nchi zetu vinajuana, na swali dogo linaweza kukupatia adui.

Kiangazi cha 2013 tulichota maji kwenye bwawa wanaponywea ng'ombe. Ng'ombe wa Ankole, kama hujawaona, pembe zao zinaweza kumzidi mtoto urefu. Sisi wakubwa tulisimama mbali na jerikani zetu tukingoja waondoke. Shefu hakungoja. Alipita katikati yao na kajerikani kake ka lita 5, akiwasukuma kwa kiganja kama mtu anayefungua mlango, huku akiwagombeza. Mmoja akainamisha kichwa kumnusa. Shefu akampiga kofi la pua, akaendelea kuchota. Mimi nililia, nasema ukweli.

Mzee mchungaji alicheka mpaka akakaa chini. Shefu akamfuata, akamuuliza lile swali lililokatazwa: "Babu, wewe umetoka wapi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee hakukasirika. Alisema ametoka Rwanda, alikuja amebebwa mgongoni. Alikulia humuhumu bondeni, kisha akatoka, akaoa, akapata ng'ombe wake huko nje Ankole. Halafu ikaja Oktoba 1982.

Hapa niongeze nilichojua baadaye. Wakati huo, chini ya serikali ya Obote, viongozi na vijana wa chama tawala walifukuza Wanyarwanda katika Ankole, hata wengine waliokuwa raia. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa. Makumi ya maelfu walikimbia, wengine kuelekea mpaka wa Rwanda, wengine kurudi Nakivale na Oruchinga. Mzee alikuwa kati ya hao waliorudi. Ng'ombe aliokuwa akichunga siku ile walikuwa wa mtu mwingine.

"Na utarudi kwenu lini?" Shefu akauliza. Mzee alitazama ng'ombe, hakujibu.

Jioni Shefu akamwaga habari yote mbele ya Mama. Tulingoja fimbo. Mama aliuliza tu huyo mzee alikuja akiwa na umri gani. "Alibebwa mgongoni," Shefu akasema.

Tangu tufike, Mama alikuwa anapanda maharage tu, kitu cha miezi mitatu, maana sisi tulikuwa watu wa kurudi. Mgomba unataka mwaka na zaidi. Msimu uliofuata akaomba machipukizi matatu kwa jirani. Mimi ndiye niliyechimba mashimo, Shefu akitoa amri.