Chokaa, Boriti na Saruji katika Mji Mkongwe wa Unguja

Watu wengi wazungumzapo juu ya kuhifadhi Mji Mkongwe wa Unguja, hutaja milango ya nakshi. Ni kweli milango hiyo inapendeza, na watalii huipiga picha asubuhi hadi jioni. Lakini nyumba si mlango. Katika makala haya mafupi nataka tuutazame ukuta, maana huko ndiko mji ule unakoharibikia.

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja. Mji Mkongwe haukujengwa na watu wa asili moja. Waarabu wa Oman walipenda nyumba yenye ua katikati. Wahindi walijenga nyumba yenye duka chini na varanda juu ya njia. Hata Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ina nguzo za chuma zilizoagizwa kutoka nje. Dunia iliingia Unguja zamani sana, kabla neno utandawazi halijatungwa.

Tofauti ni kwamba mjenzi wa siku hizo, awe mgeni au mwenyeji, alitegemea zaidi vitu vya pwani hii. Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe, ukashikwa kwa udongo na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Unene wake nusu mita au zaidi. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu, chumba cha kawaida hakikuzidi sana mita 3 kwa upana, kiwe cha tajiri au cha mchuuzi. Nyumba zilikaribiana zikatiana kivuli. Baraza za mawe ziliwapa watu mahali pa kuzungumzia, na mvua kubwa ikijaza njia, watu walipita juu yake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wakaingia wapangaji wa kodi ndogo. Serikali ikaelekeza nguvu zake Michenzani, ambako majumba marefu ya ghorofa yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Wako wanaoyacheka majumba yale. Mimi simo, kwa sababu waliohamia humo walihitaji nyumba. Bali wakati huo huo Mji Mkongwe uliachwa uvuje. Paa likivuja, udongo ulio ukutani hulainika, ncha za boriti huoza, na ghorofa nzima huja chini. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, mpango wa hifadhi ukapitishwa 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia.

Fedha za utalii zilipoongezeka, saruji nayo ikaongezeka. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hupenya kwenye nyufa yakakosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya ndani, na hatimaye lipu hudondoka pamoja na vipande vya ukuta. Mwenye nyumba akichoka hubomoa, akaweka matofali na zege, mlango wa nakshi ukibaki pale pale mbele. Mpita njia hudhani nyumba imehifadhiwa!

Cheo cha Urithi wa Dunia peke yake hakishiki ukuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati ikifanyiwa matengenezo.

Si haki kumtupia lawama zote mpangaji. Mfuko wa saruji hupatikana duka la jirani na hushika upesi. Chokaa nzuri hutaka kulowekwa shimoni kwa muda mrefu, kisha apatikane fundi aijuaye. Kumkataza mtu saruji bila kumwonyesha chokaa ilipo hakutamzuia. Kwa maoni yangu, shimo la chokaa la umma, lenye bei nafuu na vijana wanaojifunza kazi hapo, lingeokoa nyumba nyingi kuliko mabango ya makumbusho.

Vijana wetu mlio shuleni, mkienda Unguja kwa ziara msiishie Forodhani. Ombeni kuonyeshwa nyumba inayotengenezwa, mguse lipu kwa mikono yenu, na mmwulize fundi chokaa yake aliiloweka lini na nani alimfundisha.