Fahirisi ya Ustahimilivu

Miche miwili ya nyasi za aina tofauti imeoteshwa kwenye maji yenye shaba. Baada ya siku kadhaa mzizi wa kwanza una milimita 33, wa pili 30. Upi umestahimili zaidi? Rula peke yake haijibu. Tuseme kwenye maji yasiyo na shaba aina ya kwanza hufikisha milimita 60, ya pili 40 tu. Basi ya kwanza imebakiwa na asilimia 55 ya ukuaji wake, ya pili asilimia 75. Mzizi mfupi ndio uliostahimili.

Asilimia hiyo ndiyo fahirisi ya ustahimilivu. Watanzania wamezoea kusikia fahirisi za bei: namba inayopimwa dhidi ya msingi uliopewa 100. Hapa msingi ni ukuaji wa aina ileile mahali pasipo na sumu. Neno ustahimilivu nalo linafaa kuliko usugu, maana mimea mingi ya namna hii huifyonza metali na kuishi nayo.

Hupimwa mzizi kwa sababu ndio unaoguswa kwanza. Shaba ikizidi, seli za ncha yake hushindwa kugawanyika na kurefuka. Mwaka 1957 D. A. Wilkins alieleza katika jarida la Nature jinsi ya kupima hivyo ustahimilivu wa risasi, yaani ile metali nzito. Maji ya kipimo hutiwa nitrati ya kalsiamu, si mbolea kamili, kwani fosfati hushikana na risasi ikatuama chini, na mche ukaonekana shujaa bure. Miaka mitano kabla yake, A. D. Bradshaw alikuwa ameripoti nyasi za Wales zilizoota kwenye mabaki ya migodi ya risasi na zinki.

Lubumbashi, mji wa wasemaji wa Kiswahili huko Katanga, Kongo, inazihitaji kweli nyasi za namna hiyo. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi mwaka 1911, na vumbi lake limeacha udongo mtupu mtaani Penga Penga. Watafiti wamepanda huko Microchloa altera, nyasi inayostahimili shaba, wakarekebisha udongo kwa chokaa na mboji.

Lakini nyasi iliyofaulu kwenye shaba huweza kufa kwenye risasi, na fahirisi ya 75 hushuka sumu ikiongezwa. Ndiyo maana namba hiyo haitajwi bila jina la metali na kiasi chake.