Siku Moja Iliyoihamisha Karafuu

Ukiuliza kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba na si Unguja, sehemu ya jibu ina tarehe: Jumatatu, Aprili 15, 1872. Siku hiyo, katikati ya masika, kimbunga kiliipiga Unguja. Meli za Sultani Barghash bin Said zilizotia nanga mbele ya Mji Mkongwe ziliangamia, majahazi yakavunjika, na mashambani mikarafuu ikang'oka na mizizi yake. Inakadiriwa kisiwa kilipoteza thuluthi mbili ya mikarafuu. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Na kwa kuwa mkarafuu mchanga humngojesha mkulima miaka kadhaa kabla ya kuzaa, bei ilipopanda waliofaidi ni wenye mashamba ya Pemba.

Waliopanda upya Unguja walikuwa watumwa. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alipofika mwaka 1873 kudai biashara ya watumwa ikomeshwe, hasara ya kimbunga ilikuwa miongoni mwa hoja za Barghash za kukataa. Hakufua dafu: Juni 5 mwaka huohuo alitia saini, na soko la watumwa Mkunazini likafungwa.

Leo wataalamu wanajaribu kuijenga upya hali ya hewa ya zamani siku kwa siku, si kwa wastani wa mwaka. Wana haki. Jumla ya mvua ya masika peke yake isingemwambia mtu kwamba kuna siku moja iliyogeuza uchumi wa visiwa viwili. Malighafi yao ni vitabu vya safari za meli, ambamo manahodha waliandika upepo unatoka wapi na kipimahewa kinasoma ngapi, pamoja na barua za watu kama John Kirk, daktari aliyekaimu ubalozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Mgandamizo wa hewa ukishuka ghafla, tufani inakaribia. Upepo ukitulia kisha ukarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili, kitovu kimepita juu ya mwandishi mwenyewe.

Huko Marekani, vipimo hivyo vya mgandamizo hulishwa kwenye kompyuta, nayo hukokotoa hali ya hewa ya dunia nzima kila baada ya saa tatu, kuanzia mwaka 1836. Palipo na vipimo vichache, matokeo ni ya kuyatilia shaka, na Bahari ya Hindi ya magharibi ina mapengo mengi.

Si jambo la kale tu. Aprili 15, 1952, miaka 80 kamili baadaye, kimbunga kiliipiga Lindi; na Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia. Tukiijua vyema 1872, tutajua la kutarajia.

Basi kama marehemu babu yako alikuwa nahodha au karani wa shamba na daftari lake limo sandukuni, usiwauzie wafunga vitumbua. Lipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, Zanzibar.