Steringi Hafi: Rambo Alivyofika Kigwa

Mwaka 1972 David Morrell, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifundisha fasihi chuo kikuu huko Marekani, alitoa riwaya iitwayo First Blood. Mhusika mkuu ni Rambo, askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, na mwisho wa kitabu anakufa. Miaka 10 baadaye riwaya ikageuzwa filamu, Sylvester Stallone akiwa ndiye Rambo. Kifo kile kilipigwa picha, kikaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, wakakikataa. Rambo akaachwa hai. Na kwa kuwa aliachwa hai, zikafuata filamu nyingine nne: 1985, 1988, 2008 na 2019.

Yaani wenye picha yao walihitaji majaribio kujua jambo ambalo mtoto yeyote wa kibanda cha video angewaambia bure: steringi hafi.

Sheria hiyo sisi tuliikuta Kigwa, huku Uyui, mashariki ya Tabora mjini. Kama umesoma habari za misafara, jina la Kigwa si geni kwako. Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, Stanley akapita 1871, wote wakielekea Unyanyembe. Kila kitu kutoka pwani kilifika kwa hatua, kambi hadi kambi, mabegani mwa wapagazi: shanga, vitambaa, bunduki, na habari. Na habari, unajua tena, haifiki kama ilivyoondoka. Kila aliyeipokea aliiongezea chumvi kabla ya kuipeleka mbele.

Miaka ya 1990 kanda za video zilisafiri hivyo hivyo, tofauti ni kwamba zilipanda treni na basi. Televisheni zenyewe Tanzania Bara zilianza 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa kijiji kisicho na umeme hata hiyo 1994 haikuwa na maana kubwa. Kilichokuwa na maana ni jenereta, deki, na banda la kuta za magunia ambamo ulikaa umebanwa mpaka ukaelewa kwa nini watu waliliita kibanda umiza.

Mpangilio haukuwepo. Mimi nilimwona Rambo akiwa Afghanistan, ambayo ni ya tatu, kabla sijamwona Vietnam, ambayo ni ya pili. Ile ya kwanza, yenye huzuni, ambayo ndani yake mtu mmoja tu ndiye anakufa, niliiona mwisho kabisa nikaona kama siyo Rambo. Wapenzi wa Marekani walimwona mtu akibadilika kutoka askari aliyevunjika moyo hadi mashine ya kivita. Sisi tulianza na mashine, kisha tukarudi nyuma kumtafuta mtu. Sidhani kama tulipunjwa. Jeraha lilikuwa la mwisho kufika, likauma zaidi.

Halafu kulikuwa na sauti. Derek Gaspar Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kama Lufufu, alichukua picha za kigeni akazisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kuita kazi ile tafsiri ni kuipunguza. Alieleza, alionya, alitania, aliongeza la kwake pale ambapo picha ilikaa kimya. Uganda nao walikuwa na watu wao wa kazi hiyo, akina VJ Jingo, kwa Kiganda. Msomaji wa fasihi atamtambua mtu huyu mara moja: ni msimulizi wa ngano, ila safari hii hadithi si yake na moto ni kioo cha televisheni.

Lugha nayo ikampokea Rambo. Mfuko wa plastiki wa dukani ukachukua jina lake: "Nifungie kwenye rambo." Kwa miaka mingi akina mama waliokuwa hawajawahi kuketi kibandani walilitaja jina hilo kila siku sokoni. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019. Mwezi Septemba mwaka huo huo ikatoka filamu ya tano. Basi rambo wa sokoni na Rambo wa sinema wakaaga pamoja, bila mmoja kumjua mwenzake.

Mtu anaweza kuuliza: mbona mnamlilia mgeni? Swali la haki. Mashujaa wa mfululizo tulikuwa nao. Elvis Musiba alimwandika Willy Gamba katika riwaya baada ya riwaya kuanzia Kufa na Kupona, naye pia hafi. Na hapa Tabora hasa kuna Mirambo, aliyefunga njia ya misafara mwaka 1871 na kumtimua hata Stanley aliyejiunga na Waarabu kumpiga. Lakini Mirambo alikufa 1884. Historia haina watazamaji wa majaribio wa kuukataa mwisho wake. Labda ndiyo sababu watoto wa Unyamwezi waliigiza vita porini kwa jina la Rambo, wakiwa wamekanyaga ardhi ya Mirambo.

Leo Rambo anapatikana kirahisi, picha safi, sauti ya Stallone mwenyewe. Nimejaribu kumwangalia hivyo. Ni filamu nzuri, lakini siyo ile. Ninayoikumbuka ilikuwa na Lufufu ndani yake. Picha ya asili ina kampuni ya kuitunza kwa kuwa ina mwenyewe kisheria. Ile ya kibandani ilitengenezwa bila ruhusa, kwa hiyo haikuwa na mwenyewe wa kuisemea. Kanda huota ukungu, hukatika, hurekodiwa harusi juu yake. Kama una moja kabatini, usiitupe. Mpelekee fundi aihamishe kabla utepe haujaoza. Steringi hafi, ni kweli. Anayekufa ni msimulizi, na sauti yake haina sehemu ya pili.